Maji ya Kuoshea Tope

Siku ya tisa mchimbaji Anatory aligonga mwamba. Walipompandisha kwa kamba kutoka kisimani, wanakijiji wa Izigo walimtazama kama mwizi.

"Mtaalamu alisema maji yapo pima mbili tu chini," alisema Mwenyekiti Rweyemamu. "Wewe umechimba kando ya alama. Unahujumu kazi ya ujamaa. Leo nalipeleka jina lako wilayani."

"Nimechimba alipochora yeye, tata," Anatory alijibu kwa heshima, kama mtoto kwa baba. "Muulize."

Mtaalamu nilikuwa mimi, lakini hakuniuliza. Mwaka ule wa 1976 nilikuwa mhitimu mpya, nimeletwa kijijini nikiwa na hadubini kwenye sanduku, na niliamini elimu yangu ingewanywesha watu. Niliwaeleza kwamba tope la zamani lina magamba ya mwani, madogo kuliko vumbi, na kila tabaka lina aina yake. Magamba yakifanana katika visima viwili, tabaka ni moja. Kisima cha bondeni kilikuwa na maji chini ya tabaka hilo, na tope la shimo la majaribio huku juu lilinionyesha magamba yale yale. Wakaacha kahawa ikiivia mibunini, wakachimba.

Niliingia kibandani. Kokushubila, mama aliyenibebea kutoka ziwani maji ya kuoshea tope kila siku, alikuwa ameacha debe mlangoni. Sijui kwa nini sikufikiri mapema. Nilichukua tone la maji yale, bila tope, nikaliweka chini ya hadubini.

Magamba yalijaa. Yalikuwa yale yale. Tope la bondeni na la huku juu nililiosha kwa maji ya ziwa kabla ya kulitazama, nikasoma ziwa nikidhani nasoma ardhi.

Nje, Mwenyekiti alikuwa anaomba karatasi ya kuandikia jina la Anatory. Nilipangusa kioo, nikafunga sanduku polepole, nikitumaini Anatory ataondoka kwanza. Hakuondoka.

Nikatoka. "Mwenyekiti, kosa ni langu." Nikaeleza habari ya debe.

"Kumbe maji yangu ndiyo yalikudanganya?" Kokushubila aliuliza. "Na kilima chote kile nilichopanda?"

"Maji hayana kosa, mama. Sikuyapima."

"Amesoma miaka kumi na saba," mtu akasema nyuma, "hajui maji ya ziwa yana vya ziwa." Wakacheka kidogo, kwa uchovu.

Mwenyekiti alikunja karatasi yake. Anatory hakucheka.

"Basi tuchimbe wapi?" aliniuliza.

"Sijui," nikasema.