Mto wa Tano wa Shakuru

Mimi ni Mwanvua, mshona viti wa Buyenzi, na sitaki mtu anihurumie kabla sijamaliza kusema. Kanape zangu zinakaliwa na wakubwa. Nenda Kinanira, nenda Kigobe, ukiona foteyi imekazwa vizuri pembeni, haina hata mkunjo, jua ni mkono wangu huo. Sponji naijua kama mwanamke mwingine anavyojua unga. Na kwa ufundi wote huo, mtu mmoja tu nilitaka akae vizuri, na huyo ndiye aliyenishinda.

Mtu mwenyewe ni mume wangu, Shakuru. Anaendesha semi-remorki ya Bwana Léonce, lile lori refu ambalo kichwa ni kingine na kiwiliwili ni kingine, vimeshikana kwenye sahani ya chuma nyuma ya kabini. Anabeba sima, mifuko ya saruji, kutoka Tanzania, anaingilia mpakani Kobero, anapanda mpaka Bugarama, halafu anaporomoka kona kwa kona mpaka mjini. Miaka kumi na moja hiyo.

Mwaka jana mgongo ukaanza. Akirudi anatembea kama mzee anayetoka msalani, mkono mmoja ukutani. Nikamburuta kwa daktari. Daktari akaangalia picha, akasema pingili za chini zimesagika kwa mtikisiko. Halafu akaniangalia mimi, si yeye. "Mama, kuuma, kuume. Lakini siku mguu ukifa ganzi, aache gari siku hiyohiyo. Akiendelea hatatembea tena."

Neno hilo nililishika. Kila akirudi safari, hata kabla ya salamu, namuuliza, "Mguu?"

"Mguu uko, Mama Houda," ananijibu. "Unataka nikupige teke ndiyo uamini?"

Nikamshonea mto wa kukalia. Wa kwanza ulibonyea safari mbili tu. Nikashona wa pili, wa tatu, wa nne. Kaka yangu Faridi, fundi wa magari makubwa, akanicheka. "Dada, we unafunga mutu bandeji na bado anapigwa. Mupigaji yuko chini kule."

"Basi nenda ukamkamate!" nikamwambia.

Akaenda kweli. Jumapili nzima alikuwa chini ya lori, akatoka mweusi kama sufuria ya harusi. Akanieleza kwa mikono. Kila bosi anataka lori libebe zaidi, kwa hiyo fundi anaongeza ubapa wa chuma kwenye resori, zile springi za chini, na mwingine juu yake, na mwingine, mpaka resori inasahau kupinda. "Ile si resori tena, dada. Ni reli." Tena sahani imelika, shingo ya remorki inacheza ndani yake. Shakuru akikanyaga breki, tani zote zinakuja kumgonga mgongoni, akiachia zinamvuta nyuma. Na wapakizi wanalundika sima yote mbele, juu ya sahani hiyohiyo.

"Na ni nani aliongeza hizo bapa?" nikamuuliza.

Akaangalia mikono yake. "Ni mi."

Akatoa bapa mbili upande huu na mbili upande ule. Akajaza grisi, akakaza kilichokubali kukazwa, akawabembeleza wapakizi wasogeze mzigo nyuma. Wallahi, safari ile Shakuru alirudi anaimba! Alikula amekaa. Alimbeba binti yetu Houda mpaka kwa jirani na kurudi. Nilimshukuru Mungu kwa sauti, watu wa avenyu yetu wote walinisikia.

Safari iliyofuata wakapakia zaidi. Remorki ikabonyea, tairi zikasugua bodi, moja ikapasuka kule Muramvya. Bwana Léonce akaamuru bapa zirudi. Zikarudi, na Faridi ndiye aliyezirudisha, maana angekataa angeitwa fundi mwingine.

Nikaenda Kigobe mwenyewe. Bwana Léonce si mtu mbaya, na hilo ndilo linaloniudhi. Mtu mbaya unamtukana, unarudi kwako umepoa. Huyu alinikaribisha, akaniletea soda kwa mkono wake, akakaa kwenye kanape niliyoishona mimi mwaka juzi.

"Sahani mpya inatoka nje, Mama Houda, na dola hakuna. Benki wananiambia ningoje tangu mwezi wa nne. Resori za hewa ndiyo usiniulize kabisa. Nikibebesha kidogo, mazutu ya lori niliyolalia foleni inaisha kwa mzigo wa nusu." Akajiegemeza, akafumba macho. "Lakini we una mikono! Mutu akikaa hapa anasahau kama ana mugongo. Umutengenezee Shakuru kintu kama hiki. Sponji nitatoa mimi."

Hasira ilinipanda mpaka masikioni. Nilitaka kumwambia apande yeye ile kabini, kutoka Bugarama tu mpaka hapa, kona zile zote. Nikafungua mdomo nikasema, "Asante, patro." Asante! Nikikumbuka nauma ulimi.

Basi nikashona mto wa tano. Sponji ngumu chini, ya wastani katikati, laini juu, na tundu nililokata nyuma ili kifandugu kisiguse kitu. Nilimkalisha Shakuru juu yake mara sita nikipunguza na kuongeza. Sijawahi kushona kitu kama kile, hata kwa waziri.

Akaenda, akarudi kimya. Akaenda tena, akarudi kimya. Haguni tena akigeuka kitandani. "Mguu?" namuuliza. "Mguu uko," basi. Habari ya teke hakuitaja tena, na mimi mjinga sikugundua. Nilikuwa nimeshaanza kujitapa sokoni kwamba mganga hajigangi, lakini humganga mumewe.

Ukweli niliujua baadaye. Mguu wa kushoto ulianza kulala safari ya kwanza ya mto ule, kwenye mteremko wa Bugarama. "Nilizania ni raha," aliniambia. "Mutu akikaa pazuri mguu unalala. Nikisema, ungefumua mto wote uanze upya. Na we ulikuwa umefurahi."

Safari ya nne alifika parkingi saa nane mchana, akazima gari, akafungua mlango, akashusha mguu kutafuta kipandio. Mguu haukujua kama kipandio kipo. Wenzake walimwokota chini.

Sasa hivi nyumba yangu imejaa sponji mpaka darini, na mume wangu analala sakafuni. Kila kitu laini kinamchoma. Godoro apana, kanape apana, anataka sima tupu na mkeka, katikati ya viti vya wateja. Kushoto kuanzia goti hasikii hata nikimfinya. Daktari kasema tungoje. Tungoje nini, hakusema.

Juzi akaja mwanaume mmoja mlangoni, kofia mkononi. Maxime, shofa mpya wa lori lile.

"Mama, samahani. Nimesikia ni we ulishona ule mto. Siku ile mzee alianguka, uliloa mafuta, wameutupa. Naomba unishonee mwingine. Mi safari mbili tu, mugongo unawaka."

Nikamwambia yote. Kwamba mto ule hauponyi, unaziba mdomo wa mgongo. Nilimfokea kana kwamba yeye ndiye aliyepakia ile sima. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Naelewa, Mama. Lakini mi nikikataa gari, litakosa mutu?"

Nikageuka kwa Shakuru. Nilitaka yeye amkataze. Alikuwa anaangalia dari.

"Mupime," akasema. "Na we, Maxime, siku mguu ukilala, usizanie ni raha."

Nikachukua mita. Maxime akakaa kwenye kigoda, mgongo umenyooka, mgongo mzuri wa mtu wa miaka thelathini. Nikampima. Nikamuuliza kama ana mke. Akasema anaitwa Elvire, na mtoto wao wa kwanza anakuja karibu na Noeli.

Nikamwambia siku ya kuchukua mto aje naye. Nataka nimfundishe kuuliza "Mguu?" kila mumewe akirudi, ingawa mimi niliuliza kila safari, na kila safari nilijibiwa.