Sare ya Siku Moja

"Kitendawili!"

"Tega!"

"Ana miaka mitatu, kazi amefanya siku moja, na kabati lote ni lake."

"Mume wangu," akajibu Kulthumu, na kina mama wakacheka mpaka pasi ikasahauliwa juu ya shati.

"Umekosa. Nipe mji," alisema Clotilda.

"Chukua Bujumbura."

"Nimeenda Bujumbura, nimekula nimeshiba. Jibu liko ndani ya mifuko. Fungua!"

Hilo ndilo duka la kujitolea la kina mama wa Rumonge. Watu huleta nguo wasizovaa, kina mama huzichambua, huzifua na kuziuza kwa bei ndogo, na mapato hununua sabuni na nepi za wazazi maskini. Kulthumu aliingia humo kwa sababu jirani yake Clotilda, fundi cherehani, hajui kusikia neno hapana.

Mikono ilikuwa dukani, moyo ulikuwa kwenye harusi ya binti yake Mariam. Alikwishachagua sare, kitenge kipya cha buluu, na kila mwanamke wa ukoo sharti anunue. Jambo moja tu lilimkera. Dada yake mkubwa, Asma, anayeanika ndagala, wale dagaa wa ziwani, kule Magara, alituma salamu kwamba ana homa, hatakuja. Sasa nani atamfunika bibi harusi ushungi, kama si mama mkubwa?

Akafungua mfuko. Kitenge cha njano chenye ndege. Akakifahamu: sare ya harusi ya binti yake wa kwanza, miaka mitatu iliyopita. Chini yake kingine, na kingine, mpaka vikafika kumi na kimoja, vyote vinang'aa kama vya jana. Cha mwisho upindo wake ulishonwa kwa uzi wa nyavu. Katika ukoo mzima ni Asma tu anayeshona hivyo.

"Hiki nani alileta?"

"Mwenyewe, Ijumaa," Clotilda alisema polepole. "Mama Mariam, ile mara aliuza waya za vichanja vyake vya kuanikia ndagala ili akinunue. Aliniambia, 'Hii mara sina cha kuuza. Nitaumwa tu.'"

Kulthumu akakaa juu ya mifuko. Alikaa kidogo tu. Akainuka, akavilipia vitenge vyote kumi na kimoja, akashika simu, akampigia wifi yake kwanza.

"Sare ni ile ya njano. Aliyeitoa aje kuichukua dukani."

"Wifi! Watu watasema umefilisika!"

"Waseme, huku wanakula pilau langu."

Kisha akampigia Asma.

"Dada, homa iko namna gani?"

Hakungoja jibu.

"Sare ni ya njano. Yako nimeipiga pasi, iko hapa inakungoja."

"Eh," Asma akasema, sauti imelegea. "Basi homa iko inashuka."

Jioni ile Kulthumu alifungua kabati lake mwenyewe. Akatoa sare tisa, akazitazama bila haya, akabakiza mbili alizozipenda. Kesho yake alikuwa wa kwanza mlangoni mwa duka, furushi kichwani.

Siku ya harusi Asma alimfunika Mariam ushungi, upindo wa uzi wa nyavu ukionekana na kila mtu. Clotilda akapita na sahani yake ya pilau.

"Kile kitendawili, Mama Mariam?"

"Ni sare. Na leo imefanya kazi siku ya pili, kwa hiyo nirudishie Bujumbura yangu."