Nusu ya Ujumbe

Kwa miaka thelathini Thuria alishona kaftani mjini Meknes, na kwa miaka yote hiyo kazi yake ilienea ndani ya daftari moja. Jina la mteja, vipimo, siku ya kuchukua, basi. Kisha binti yake Jihane, aliyefanya kazi ya kompyuta Rabat, akaja nyumbani sikukuu, akalitazama daftari lile lenye madoa ya mafuta ya zeituni, akamwambia mama yake kwamba hayo ni mambo ya zamani. Akapiga picha kaftani sita zilizokuwa zimetundikwa ukutani, akazisambaza mtandaoni. Wiki haikuisha kabla Thuria hajapata wateja Tangier, Brussels na mji mmoja wa Uholanzi ambao jina lake lilimshinda kutamka.

Mwanzoni alifurahi. Lakini wateja hawa hawakuwa wa kuja, wakapimwa, wakanywa chai, wakaenda zao. Walishinda ndani ya simu. Huyu anataka shingo ishuke kidogo. Yule ametuma picha nane za mikono ili fundi amchagulie. Mwingine anauliza tu kama yupo. Simu aliiweka kando ya cherehani, na kila ilipolia mguu wake uliacha kukanyaga hata kabla hajaamua kuacha. Akirudi kwenye mshono, anakuta hajui alikuwa anaelekea wapi.

Alipolalamika, Jihane alimwekea programu ya kupangia siku. Kijani kukata, njano kushona, nyekundu ni haraka. Thuria akakaa asubuhi nzima akizipaka siku zake rangi mpaka mwezi wa tisa. Rukia, mjane aliyemshonea vifungo vya uzi kwa mkono tangu wote wawili wakiwa wasichana, alimvumilia mpaka adhuhuri.

"Umepanga weee," akamwambia, "na hata pindo moja hujakunja."

"Nikishapanga nitashona kwa raha."

"Haya, mama. Tutaiona hiyo raha."

Baada ya siku nne kila kitu kilikuwa chekundu. Thuria akaizima simu kabisa, akashona siku mbili kama zamani, kichwa kimetulia. Siku ya tatu mteja mmoja wa Fez akamtuma kaka yake aje kuangalia kama fundi yu hai, na bibi harusi wa mtaa wa nyuma akaja kuchukua kitambaa chake akakipeleka kwa fundi mwingine. Thuria akaiwasha simu. Jumbe mia mbili na kumi na saba zilikuwa zinamngoja.

Ndipo kikaja kitambaa cha Ibtisamu. Ibtisamu aliishi Marseille, na harusi yake ingekuwa Meknes mwezi wa nane. Shangazi yake alikileta kitambaa kimefungwa ndani ya shuka: hariri ya kijani iliyofumwa kwa nyuzi za dhahabu, ambayo marehemu mama yake Ibtisamu aliinunua mwaka aliomzaa binti huyo. Kilitosha kaftani moja tu. Vipimo vilikuja kwa ujumbe wa sauti. Thuria aliusikiliza mkasi ukiwa mkononi, na katikati yake ikaingia simu ya mteja mwingine aliyetaka kubadilisha mkanda. Alipomalizana naye, aliamini ameshasikia yote. Urefu, mia moja arobaini na mbili. Akachora kwa chaki, akakata.

Siku tatu kabla ya harusi Ibtisamu akaja kujaribu. Alikuwa msichana mrefu, mpole. Kaftani ilimkaa mabegani kama imemwagwa, ikamkaa kiunoni, halafu ikaishia juu ya vifundo vya miguu, vidole vitatu vizima. Rukia akaweka chini sindano yake.

"Lakini Lalla Thuria, nilikutumia urefu," Ibtisamu akasema, akimwita Lalla kwa heshima, kama mtu asemavyo Bibi.

Thuria akautafuta ule ujumbe ili amwonyeshe. Ilimchukua muda mrefu kuufikia. Wakausikiliza pamoja, wamesimama. Urefu mia moja arobaini na mbili, ilisema sauti. Kisha ikacheka kidogo, ikaendelea: "Hapana, samahani, hicho ni kipimo cha dada yangu. Changu ni mia moja hamsini na tano. Usinichanganye naye, Lalla, nitaonekana kituko."

Ibtisamu akakaa kwenye kiti cha wateja, akaushika ukingo wa kitambaa.

"Mama alikuwa anaitoa hariri hii kila kiangazi anaianika," akasema. "Hakuwahi kumruhusu mtu aiguse."

Thuria alitaka kupiga magoti. Alitaka kusema kwamba katika miaka thelathini hajawahi kuharibu kitambaa cha mtu. Akafungua mdomo, na papo hapo simu ikawaka mkononi mwake, na macho yake yakashuka kuitazama. Hakuyatuma. Yalikwenda yenyewe. Alipoyainua, Ibtisamu alikuwa anamtazama.

"Jibu tu, Lalla," msichana akasema taratibu. "Labda ni muhimu."

Waliongeza pindo pana la mahameli nyeusi chini, kwa kuwa hapakuwa na jingine la kufanya. Ibtisamu aliolewa nalo. Picha za harusi zikasambaa, na watu wakalipenda lile pindo kuliko kaftani yenyewe. Wiki iliyofuata wanawake arobaini na watatu walimwandikia Thuria wakitaka la namna hiyo. Jihane akapiga simu kumpongeza.

Asubuhi moja Thuria aliketi amwandikie Ibtisamu kumwomba radhi kama inavyostahili. Aliandika mistari mitatu, akafuta mmoja. Simu ikaingia kutoka Brussels, ikafuata nyingine. Alasiri Rukia akamuuliza kama ameshamwandikia yule msichana.

"Nimemwandikia," Thuria akajibu, huku akipitisha uzi kwenye sindano. Kisha mkono ukasimama hewani. Hakukumbuka kama aliutuma ule ujumbe.