Tiketi ya Leshan

Caren alikuwa ameona mengi duniani, na hakuna alichokiona akakinyamazia. Kazi yake ilikuwa kuongoza watalii kutoka Kenya kwenda ng'ambo, wengi wao vikundi vya makanisa, na kila akirudi Kitengela alimkalisha mumewe sebuleni amwonyeshe picha kwenye televisheni. Leshan, mfanyabiashara wa ng'ombe, mtu wa maneno machache na chai nyingi, alitazama yote bila kushtuka. Mwonyeshe korongo ambalo watu hulia wakiliona, yeye atauliza kama huko chini kuna nyasi.

Safari hii Caren alikuwa na jambo. Alikuwa amenunua tiketi mbili za kwenda Maporomoko ya Viktoria, moja yake, moja ya mumewe. Miaka yote alikuwa amesimama mbele ya maajabu ya Mungu katikati ya watu, na bado akajiona mpweke. Leshan akikataa, tiketi ingemwendea dada yake Rebecca, na Caren asingemwomba tena. Hilo alikuwa amejiapia.

Akaanza na picha aliyopigwa kwenye maporomoko hayo alipopeleka kikundi, amlainishe kwanza.

"Baba Purity, ona hii maji. Inaanguka mpaka unalowa na uko mbali."

"Na inaenda wapi?"

"Inaenda tu! Si ni mto?"

"Ai. Na hakuna mtu amechimba hata bwawa?"

Caren akavuta pumzi, akaleta mlima wa barafu. Leshan akawahurumia ng'ombe wa huko. Akaleta uwanda wa chumvi, mweupe hadi upeo wa macho.

"Hiyo si Ziwa Magadi, hapa kwetu?"

"Kwani wewe huwa unaangalia nini?" Caren alifoka. "Nazunguka dunia nzima nikuletee, na wewe ni nyasi tu!"

Leshan akaweka kikombe chini. Kila jioni ng'ombe wakirudi, yeye husimama langoni akawatazama mmoja mmoja, mbavu na macho, ajue nani hakushiba.

"Rudisha ile ya barafu," alisema. "Hapo ulikuwa umekonda. Hukuwa unakula."

Ni kweli, chakula cha huko kilikuwa kimemshinda.

"Na ile ya chumvi, hapo ulikuwa mgonjwa."

"Hapo nilikuwa nimeshiba nyama kupita kiasi!"

"Basi si ni ugonjwa?" Leshan hakucheka. "Lakini hii ya maji unacheka na mdomo peke yake. Hii siipendi. Nikiiona, chai hainishuki."

Asubuhi ya siku picha ile ilipopigwa, Caren alikuwa amelia hotelini, maana ilikuwa siku ya kumbukumbu ya ndoa yao, na hakuwa amemwambia mtu. Aliona haya, kisha akafurahi mpaka macho yakamlowa. Kumbe alipodhani anamwonyesha dunia, mwenzake alikuwa akimtafuta yeye.

Akamweleza habari za tiketi.

"Ng'ombe wataangaliwa na nani?" Leshan aliuliza.

"Ndugu yako Koinet amekubali."

Leshan akafikiri kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kwa kuwa alipenda kumwona akihangaika.

"Sawa, twende. Lakini nisikudanganye, Mama Purity. Hiyo maji siendi kuiangalia."