Maji Kwenye Boneti

"Jirani, hivi mumeo anatafuta nini humo ndani ya hayo mabati?"

Jirani wa ukuta mmoja aliuliza hivyo siku gari la sita lilipoingizwa uani kwa kusukumwa. Mke wa fundi saa alikuwa akianika shuka. Alibana kibanio cha mwisho, akajibu kwamba mumewe hatafuti kitu, ni mapenzi tu; kuna wapendao bao, kuna wapendao kufuga kuku, na yeye anapenda magari yasiyopendwa. Jirani akacheka, akasema kuku angalau hutaga.

Jibu lile halikuwa la kweli, na mke wa fundi saa, ambaye hakuwa na mazoea ya uongo, aliomba toba kabla jua halijatua.

Mumewe alitengeneza saa kwenye kibanda kisichozidi upana wa kitanda. Akitoka hapo macho yake hayakutulia. Alitazama nyuma ya nyumba za watu, pembeni ya gereji, penye gari lililoota majani kwenye matairi. Akiliona husimama, akaligonga bodi kwa kifundo cha kidole kama tabibu anavyogonga kifua cha mgonjwa, akisikiliza wapi pana bati na wapi pamezibwa kwa puti, lile dongo la mafundi rangi. Kisha hubisha hodi kwa mwenyewe. Watu walimwita Daktari wa Mikweche. Alifungua injini kwa bisibisi za saa, zile nyembamba kama sindano, na kila skrubu aliilaza kwenye kisosi chake, hata mkewe akawa anakunywa chai kwa kikombe kisicho na kisosi. Siku ya kununua ndiyo siku ya kubadilisha kadi ya umiliki. Alisema gari lisilo na kadi ni mtoto asiye na baba, na kila lililoingia uani kwake liliandikwa jina lake siku hiyohiyo.

Magari hayo yalikuwa na kumbukumbu. La kwanza lilikohoa kila saa kumi alasiri, kikohozi kikavu cha mwalimu mstaafu aliyekuwa nalo. La pili, pikapu, mvua ilinyesha ndani yake siku za Jumanne, na mke wa fundi saa alikinga maji yake ya kufulia. La tatu lilikuwa na redio isiyo na betri iliyosoma matangazo ya vifo vya zamani; naye alisimama na ufagio kusikiliza kama yumo anayemjua. Mumewe aliyatengeneza, yakapata wenyewe, yakaondoka. Aliyapenda, lakini kama mtu anavyopenda watoto wa wenzake.

Alilokuwa akilitafuta lilikuwa moja.

Miaka saba nyuma walikuwa na binti wa miaka tisa, wakimwita Chiriku, kwa sababu mdomo wake haukujua kufunga. Alizungumza na kuku, na milango, hata usingizini. Alasiri moja mama yake, aliyekuwa na masufuria ya kusugua, alimtuma bombani na ndoo ya lita tano. Walimkuta kando ya barabara, ndoo imepasuka, na gari halipo. Tabibu alisema mtoto hakufa papo hapo. Alikaa kama robo saa. Na kwenye tope la maji yaliyomwagika palikuwa na alama za viatu. Zilitoka penye alama za matairi, zikafika alipolala, zikasimama, zikarudi. Polisi waliandika yote hayo. Walipima bega la mtoto na mdomo wa ndoo, wakasema pasipo gari hapana kesi. Mwenyekiti wa mtaa ndiye aliyesimamia mazishi. Alilia kuliko wafiwa, ikabidi wafiwa wambembeleze.

Tangu siku hiyo baba alitaka gari. Mama alitaka kitu kingine, na hakumwambia mtu isipokuwa Mungu. Alitaka kujua Chiriku alisema nini. Mtoto yule asingeweza kukaa robo saa karibu na mtu asimwambie neno.

Gari la sita lilikuwa jeupe. Lilikuwa limetupwa nyuma ya ghala la mbao, na mlinzi wa ghala alisema alilikuta hapohapo alipoajiriwa. Fundi saa aligonga boneti, nayo upande wa kushoto ikaitika kwa sauti nzito: puti, unene wa kidole. Aliibandua kwa patasi. Bati la chini lilikuwa limebonyea. Akalinyoosha kwa nyundo ya mpira, akalisugua kwa msasa, akalipaka rangi. Asubuhi likawa limebonyea tena. Akalinyoosha. Asubuhi ya pili, vilevile. Asubuhi ya tatu mkewe alimletea chai, akabaki amesimama na kikombe mkononi. Bonyeo lile lilikuwa na bega, na chini ya bega duara la mdomo wa ndoo, na ndani yake mlikuwa na maji. Mvua haikuwa imenyesha wiki nzima.

"Acha kugonga," alisema. "Unamwumiza."

Mumewe akaweka nyundo chini. Walikaa kwenye ngazi ya mlango hadi chai ikapoa.

Injini ilipopona, gari lilitoka uani lenyewe, taratibu, kama yalivyofanya mengine yote yalipopata nguvu, kwenda kuaga kwao, kwa mwenyewe wa zamani. Waliliandama kwa miguu. Lilipita kona ya bombani bila kupunguza mwendo, likapanda mtaa wa juu, likasimama mbele ya geti la mwenyekiti na kupiga honi mbili fupi, kama mtu anayerudi nyumbani kula. Mbwa wa mwenyekiti, aliyepofuka kwa uzee na kumbwekea hata bwana wake, alitoka akitikisa mkia, akajilaza chini ya bampa. Mwenyekiti naye akatoka akifuta midomo. Alilitazama gari, akamtazama mbwa, akawatazama wao.

"Magari ya zamani hupotea njia," alisema. "Karibuni chai."

Walimshukuru, wakasema wameshakunywa.

Kituoni, sajini alitumbukiza mkono kwenye maji ya boneti, akaufuta kwenye suruali, akaleta jalada la zamani na futi ya kupimia. Bega likakubali. Ndoo ikakubali. Akampa fundi saa mkono wa pongezi, maana miaka saba si mchezo, kisha akaomba kadi ya gari. Aliisoma mara mbili.

"Mzee, hapa imeandikwa gari ni lako."

Fundi saa alieleza kwamba amelinunua mwezi uliopita kwa mlinzi wa ghala, asiyemjua mwenyewe wa kwanza. Sajini akauliza lilikuwa la nani kabla. Wakaenda ofisi ya magari. Karani aliapa kwamba daftari la miaka ile lililiwa na mchwa, akawaonyesha mchwa wenyewe, ambao bado walikuwa wakila. Kuhusu honi na mbwa, sajini alisema anawaamini kabisa, ila mbwa hawezi kula kiapo.

"Nikifungua jalada hili, mshtakiwa ni mwenye gari," alisema. "Nenda nyumbani, mzee wangu. Lifanye banda la kuku."

Fundi saa aliinamia jalada kama anavyoinamia saa iliyokataa kutembea. Miaka saba alikuwa ameitafuta kesi. Sasa gari lipo, jalada lipo, kilichokosekana ni mtu wa kusimama kizimbani.

"Basi niandike mimi," alisema.

Mkewe alimshika mkono wa shati. Mumewe akamgeukia, akamwambia polepole, "Mama, lazima wataniuliza nililipata wapi. Wakianza kurudi nyuma, watafika kwake."

Hawakumwuliza. Hakimu alikuwa mtu mpole, na siku hiyo alikuwa na kesi nyingi. Aliuliza kama gari ni lake, akajibiwa ndiyo. Akauliza kama bonyeo ni la mtoto, akajibiwa ndiyo. Fundi saa alipotaka kuendelea, akaambiwa ajibu anachoulizwa. Mwenyekiti wa mtaa alikuja bila kuitwa kutoa ushahidi wa tabia yake. Kwa sauti ya kukatikakatika alisema mshtakiwa ni jirani mwema, mcha Mungu, na kwamba binadamu wote hukosea barabarani. Kwa ajili ya maneno hayo miaka mitano ilipunguzwa ikawa mitatu. Fundi saa alisema ahsante, kwa sababu ndivyo alivyolelewa.

Gari lilirudishwa uani. Jirani wa ukuta mmoja alisaidia kulisukuma, na safari hii hakuuliza kinachotafutwa.

Mke wa fundi saa alilifuta kila asubuhi baada ya sala. Maji hayakukauka. Yalijaa hadi kwenye bega, kisha yakadondoka tone moja moja chini ya bampa, pakawa na tope. Siku za kumwona mumewe gerezani alimpelekea chupa ya maji hayo. Alikunywa yote, akasema yana ladha ya bomba la zamani, lile la kabla hawajabadilisha mipira. Halafu akauliza kama kisosi cha skrubu za kabureta bado kiko dirishani. Alimjibu kipo, hakijaguswa.

Alasiri moja mwenyekiti akabisha hodi. Alikuwa amevaa viatu vilivyong'arishwa, na kwa adabu hakujali tope. Alisema kamati imekaa. Maji yaliyotuama huleta mbu, na mtaa una watoto. Yeye mwenyewe ataleta gari la kuvuta, walitoe hili, wakalikate vipande, mama asihangaike na lolote.

Mke wa fundi saa alikamua kitambaa chake, akakitundika kwenye kioo cha pembeni.

"Mwenyekiti, kwenye kesi mimi sina neno. Aliyefungwa kafungwa, na Mungu hana haraka. Gari utalichukua. Mimi nakuomba kitu kidogo tu."

"Sema, mama."

"Alisema nini?"

Mwenyekiti hakuuliza ni nani. Alitazama kwenye bonyeo. Maji yalikuwa yametulia, halafu yakatikisika duara moja dogo, kama mtoto anavyovuta pumzi kabla ya kuanza hadithi ndefu. Aliliona, wala hakushtuka. Alionekana kama mtu aliyezoea kuliona. Upande wa pili wa ukuta kuku walinyamaza. Mke wa fundi saa alisogea, akainamisha sikio kama alivyokuwa akifanya zamani, mikono ikiwa na povu la masufuria, anapoambiwa mama sikiliza, mama hujasikiliza.

"Aliniuliza," alisema mwenyekiti.

Kisha akafunga mdomo. Alinyoosha kola ya shati, akageuka, akatoka uani.

Mke wa fundi saa alitazama chini. Kwenye tope palikuwa na alama za viatu. Zilikuwa zimefika kwenye gari, zikasimama, zikarudi.