Feni za Sabato

Ukuta ulikuwa ukinguruma. Niliweka kiganja juu yake, nikahisi mtetemo mdogo, wa kudumu, usiokoma hata kuvuta pumzi. Ilikuwa saa nne asubuhi, siku ya Sabato, Julai ya mwaka 2021. Maduka yote ya ghorofa yetu mjini Kisii yalikuwa yamefungwa, kwa kuwa mwenye jengo alikuwa Msabato, na wapangaji wake, wengine kwa imani na wengine kwa busara, walikuwa Wasabato pia. Mimi nilikuwa wa busara.

Upande wa pili wa ukuta lilikuwa duka la Machogu. Mlango wake ulikuwa na kufuli. Ndani, gizani, kompyuta yake ilikuwa ikifanya kazi peke yake, na sauti niliyoisikia ilikuwa ya feni zinazopoza kadi ya grafiksi, kifaa cha kuchakata picha na video, iliyobebeshwa mzigo mzito. Niliujua mzigo wenyewe. Ilikuwa video ya kwaya ya kanisa letu la Keumbu, iliyotakiwa kuzinduliwa kwenye mikutano ya makambi ya Agosti. Machogu aliiachia mashine iziunganishe picha zote, kazi ya saa ishirini na zaidi, akafunga mlango Ijumaa kabla jua halijazama. Saa hiyo niliposimama na kiganja ukutani, yeye alikuwa amesimama mbele ya kwaya hiyohiyo, mkono hewani, akiiongoza.

Sikuwa na sababu ya kuwa pale. Nilijiambia nimekuja kuangalia kufuli la duka langu.

Machogu nilimfundisha fizikia katika shule ya upili upande wa Sironga. Alipata D, na hata hiyo ilikuwa na huruma ndani yake. Nilipoacha ualimu nikafungua duka la kadi za grafiksi, sikumjua mtu mwingine mjini aliyeziuza kwa kuzielewa. Nilikuwa na wateja wa kutosha: wenye studio za harusi, wahariri wa video za kwaya, vijana wa michezo ya kompyuta. Baada ya miaka miwili Machogu akapanga chumba kilichopakana na changu. Alikuja kuniamkia kabla hajafungua hata sanduku moja.

"Mwalimu, nimekuja kukaa chini ya mwavuli wako."

Mwavuli huo aliugeuza paa la nyumba yake. Wateja walianza kwangu, kwa kuwa mlango wangu ulitangulia. Niliwaeleza upana wa njia ya kumbukumbu, joto, umeme unaohitajika. Walinisikiliza kwa adabu, wakashukuru, wakatoka, wakaingia kwake. Kupitia ukuta ule mwembamba nilimsikia akiwauliza swali moja tu: "Kwaya yenu ina waimbaji wangapi, na mtatumia kamera ngapi?" Wakimjibu, alinyoosha mkono kwenye rafu akawapa kadi. Kilichoniumiza ni kwamba kadi aliyowapa ilikuwa ndiyo ambayo mimi ningewapa baada ya nusu saa ya maelezo.

Nilianza kuhesabu vishindo vya viatu vilivyopita mlango wangu. Niliujua mwendo wa kila mteja wangu wa zamani. Loice, mke wangu, aliniambia chakula cha jioni nilikuwa nakila nimegeuza shingo, kama mtu anayesikiliza mvua ya kijiji kingine.

Kwa hiyo Jumapili alasiri, siku moja baada ya ile Sabato, nilisimama mbele ya baraza la kanisa, ambamo mimi nilikuwa mzee, nikaleta shauri dhidi ya Machogu. Nilikuwa nimejiandaa. Tangu chuo nilikuwa nimeacha kuamini sehemu kubwa ya yale niliyoyaamini nyumbani kwa mama yangu, lakini nilisoma vizuri, na amri ya nne, ile ya Sabato, niliijua kuliko wengi waliokuwa wakiitii.

"Amri haimpumzishi mwenye nyumba peke yake," nilisema. "Inamtaja mtumishi na mnyama. Mashine ni nini, kama si mtumishi asiyedai mshahara?"

Mchungaji alikuna kidevu. Bitutu, shemasi mwenye umri wa kunizaa, akainua kidole.

"Na friji yangu, Mwalimu? Jana ilinguruma mchana kutwa."

"Friji haitengenezi kitu cha kuuzwa, mama."

"Inatunza maziwa ninayouza Jumapili."

Baraza likacheka. Mimi sikucheka. Bitutu hakuwa amemaliza.

"Na wewe, omogaka, mzee wetu, ulikuwa wapi hata ukazisikia hizo feni?"

"Nilipita kuangalia kufuli."

"Kufuli liliugua?"

Wakacheka tena, na nadhani shauri lingefia hapo, katikati ya kicheko, kama yanavyokufa mashauri mengi ya wazee. Lakini waliona ni haki mshtakiwa aitwe. Machogu akaingia, kofia mkononi. Alipoulizwa hakutaja friji wala hakuuliza nilikuwa wapi.

"Ni kweli," alisema. "Niliiwasha Ijumaa saa kumi. Nilidhani ikiwa sipo, si kazi yangu. Sikufikiria vizuri. Mnisamehe."

Kumtetea mtu aliyekwisha kukiri hakukuwezekana tena. Wakamweka chini ya nidhamu miezi sita: asiongoze kwaya, asishike wadhifa. Video haikuzinduliwa. Alipotoka alinipa mkono. "Asante, Mwalimu," alisema, na mkono wake ulikuwa mkavu, na wangu haukuwa.

Kilichofuata kilikuwa rahisi kuliko nilivyotarajia, jambo ambalo lingepaswa kunishtua. Makwaya ya Keumbu, Masimba hadi Nyamira yanapashana habari upesi. Hakuna mwalimu wa kwaya aliyetaka nyimbo zake zipitie kwenye mashine iliyoshtakiwa kanisani. Vishindo vya viatu vikaanza kukomea mlangoni pangu. Niliwaeleza wateja upana wa njia ya kumbukumbu, na sasa walinunua, kwa kuwa hawakuwa na mlango mwingine wa kwenda.

Mwezi wa Novemba Machogu aliingia dukani kwangu, akabaki amesimama.

"Mwalimu, nafunga. Nina kadi thelathini na nane. Wewe ndiye utakayebaki, chukua wewe."

"Kwa bei gani?"

"Ile niliyonunulia. Sitakula faida kwa jirani."

Ilikuwa bei ya juu. Mwaka ule kadi zilikuwa adimu dunia nzima. Watu wa ng'ambo walizinunua kwa mamia, wakazipanga katika maghala ili wachimbie sarafu za kidijitali, fedha zinazozalishwa na kompyuta, na sisi wa mwisho wa mnyororo tuligombania makombo. Kila gazeti nililosoma lilisema bei itazidi kupanda. Lakini sitayasingizia magazeti. Ningezinunua hata kama yangesema kinyume. Niliwaza jambo moja tu: rafu zake zikiwa tupu, na rafu zangu zikiwa na vitu vilivyokuwa vyake. Niliuza robo ekari ya chai.

Loice alisimama mlangoni mwa duka siku maboksi yalipohamishwa, mikono kifuani.

"Baba Purity, umenunua kadi au umemnunua Machogu?"

"Nimenunua kadi."

"Basi mbona unatazama mlango wake?"

Kwa miezi kadhaa nilikuwa peke yangu. Nilipata nilichokitaka, na nikagundua kwamba ukuta usionguruma nao una namna yake ya kumkosesha mtu usingizi. Nilisikia Machogu amekwenda Sironga, ameanzisha na mkewe kitalu cha miche ya ndizi. Nilitikisa kichwa kwa masikitiko, na masikitiko yenyewe yalikuwa matamu.

Pigo likanijia Oktoba ya 2022, ndani ya mkoba wa Adhis. Adhis alikuwa mama wa Kisumu mwenye studio ya harusi karibu na stendi, mteja wangu wa siku nyingi. Alitoa kadi iliyofungwa kwa gazeti, akaiweka mezani.

"Mwalimu, nimetoa hii Nairobi. Ilikuwa inachimba sarafu huko ng'ambo. Theluthi ya bei yako."

Niliigeuza. Ilikuwa ya aina ileile niliyokuwa nayo, kumi na nne, rafuni, kwenye maboksi yake.

"Hii imetumika mchana na usiku," nikamwambia. "Imechoka."

"Hata mimi nimechoka, na bado nafanya kazi."

Mwezi uliotangulia, sarafu mojawapo kubwa ilikuwa imebadilisha utaratibu wake. Haikuhitaji tena kadi kuchimbwa. Nilikuwa nimesoma habari hiyo, nikaifurahia kama mtu anayesoma juu ya mafuriko ya nchi nyingine. Sasa maghala yalikuwa yakimwagwa. Kadi zilishuka bei wiki hadi wiki, na zangu zilishuka pamoja nazo huku zikiwa bado na nailoni zake. Januari nilirudisha funguo kwa mwenye jengo. Kadi zilizobaki zimo uvunguni mwa kitanda chetu, na Loice hufagia kuzizunguka bila kuzitaja.

Sabato moja mwezi Machi, wakati wa ushuhuda, Machogu alisimama. Nidhamu yake ilikuwa imekwisha zamani, na alikuwa amenenepa kidogo. Wakulima kutoka Masimba hadi Nyamira walikuwa wakipanga foleni kwa miche yake. Nilikuwa nimeyasikia hayo, na nilikuwa nimeanza, kwa aibu yangu mwenyewe, kuzionea wivu ndizi.

"Mimi sikusoma sana," alisema. "Nisingejua kwamba biashara ile inaanguka. Ningeshikilia kadi zangu hadi leo, na leo ningekuwa chini yake. Kuna ndugu aliyenishtaki. Wengi mlimsema vibaya. Mimi nasema Nyasae, Mungu wetu, alimtumia kunitoa mle ndani kabla paa halijaanguka."

Watu wakasema amina. Alinitafuta kwa macho, safu baada ya safu, akanipata.

"Mwalimu, simama wakuone."

Sikuinuka mara moja. Loice, bila kugeuza kichwa, alisema kwa sauti ya chini, "Simama, Baba Purity. Umeitwa."

Nikasimama. Nilimtazama Machogu usoni kwa makini, kama nilivyokuwa nikikagua kadi kuukuu kabla ya kuinunua, nikitafuta dhihaka. Ingekuwepo hata kidogo, ningekuwa na haki ya kumchukia nikaenda nyumbani nimepumzika. Haikuwepo. Mtu yule alikuwa akinishukuru.

Kwaya ikaanza wimbo. Ulikuwa na beti tano, na hakuna aliyeniambia niketi.