Vumbi Jeupe Dirishani

Vumbi linacheza katika mwanga wa dirisha, hapa Tottenham, ughaibuni, ghorofa ya tatu, na Kerubo analitazama bila kukohoa. Hajazaliwa mwanamke anayejua kunyamaza kama Kerubo. Amewaambia hivyo majirani wote, na muuza samaki, na kanisa zima, mara mbili.

Nyamaza, Kerubo. Mtoto anasoma.

Anasoma Natasha, mjukuu wake, binti wa mwanawe Elkana, mwaka wa tatu wa kemia. Shule ya famasia haikumtaka mara ya kwanza; alama zilipungua kidogo tu, kama chumvi mchuzini. Basi akazungukia mlango wa nyuma: digrii ya sayansi kwanza, miaka mitatu ya kunusa asidi na kurudi nyumbani na koti lenye matundu. Sasa famasia imeandika: njoo, mradi ufaulu vizuri. Mtihani wa mwisho ni leo, saa nne asubuhi.

Nyamaza, Kerubo. Mbao za sakafu zina midomo.

Kwani njia ya msalani hupita nyuma ya kiti cha mtoto, na kila ubao hulia kama mbuzi aliyekanyagwa. Na daktari, Mungu amsamehe, alimpa Kerubo vidonge vya presha vinavyomkimbiza msalani mara tano kabla ya chakula cha mchana. Mara tano kwenda, mara tano kurudi. Nani atasoma kemia katikati ya zizi?

Basi wiki tatu sasa, kila asubuhi, kidonge kinaingia kinywani, kinatoka kinywani, kinazikwa kwenye chungu cha ua pale dirishani. Na sakafu imetulia. Na mtoto amesoma.

Ila kichwa kinapiga. Masikio yanavuma. Dirisha limekuwa mawili, Natasha wamekuwa wawili, na wote wawili wanafunga mkoba. Simama wima, Kerubo. Tabasamu. Akijua, hatatoka; asipotoka, miaka mitatu imekwenda na maji.

"Nyanya, umemeza dawa?"

Kwa Kiswahili! Mtoto huyu hujibu Kiingereza hata akiulizwa kama ana njaa.

"Nimemeza, mama. Na chai juu yake. Nenda, basi litakuacha."

"Mbona umeshikilia kiti?"

"Kisianguke."

Natasha anacheka. Mlango uko wazi. Hatua mbili tu, Mungu wangu, hatua mbili, na mtoto amekwenda. Lakini kikokotoo chake kimebaki dirishani. Anarudi. Anainama. Hainuki.

Udongo wa chungu umekauka juu na kuota unga. Anaugusa. Kidole kinarudi cheupe, anakipuliza, na vumbi linapanda katika mwanga, jeupe, taratibu, kama halina mtihani.

"Nyanya. Ni hili ua lenye presha?"

Mkoba unashuka begani. Glasi inajaa maji.

"Nina dakika saba. Sitoki hapa mpaka nione kidonge kikishuka kooni."

Na Kerubo, bingwa wa kunyamaza, anatafuta haraka uongo mwingine, mdogo tu, wa kuvukia asubuhi. Anafungua kinywa. Kidonge kinaingia, na safari hii hakitoki.